Watoto Wetu Mbele ya Meza ya Waulizaji

Hapa kwetu Salamabila tangazo la kazi hutufikia likiwa limechakaa. Hubandikwa kwanza ukutani Kindu, au Kasongo, au Bukavu. Mtu mmoja hulipiga picha kwa simu yake, akampelekea mwenziwe, naye mwenziwe akampelekea ndugu yake, hata siku linapotufikia sisi herufi zake zimefifia, na siku ya mwisho ya kupokea barua imekaribia, kama haijapita. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2023, ofisi moja ya mjini, ambayo sitaitaja jina, ilipotafuta vijana waliomaliza masomo ya sekondari kwa staji ya miezi mitatu. Tulibakiwa na siku nne.

Staji, kwa wazazi wasiolizoea neno hili, ni kazi ya kujifunzia. Kijana hukaa mahali pa kazi kwa muda uliowekwa, hutazama, hufanya aambiwayo, na mwishoni hupewa cheti. Pengine hupewa posho kidogo ya chakula na ya safari, pengine hapewi kitu. Wanafunzi wetu wa ualimu na wa biashara huifahamu, kwa kuwa ni sehemu ya masomo yao. Lakini staji ya kuombwa kwa barua, na kushindaniwa na vijana wengi mbele ya watu wasiokujua, ni jambo jingine kabisa, na shule zetu haziwafundishi watoto namna ya kuliendea. Huwafundisha kujibu maswali juu ya mto Nile na juu ya aljebra. Swali la "Wewe ni nani, na umefanya nini?" wengi wao hawajaulizwa na mtu tangu kuzaliwa.

Tena hapa petu kila tangazo lina mshindani mkubwa, naye ni dhahabu. Wazee wanajua ya kuwa Wabelgiji walichimba dhahabu Namoya tangu kabla ya uhuru. Baadaye ikaja kampuni ya Banro kutoka Kanada, ikafungua mgodi mkubwa katika vilima vile vile, Mwendamboko, Kakula na vinginevyo, na mwaka 2016 mgodi huo ukaanza kazi yake kamili ya biashara. Mwaka 2019, kwa ajili ya mashambulio ya watu wenye silaha, kampuni ikasimamisha kazi. Wengi waliozoea mshahara wa kila mwezi wakajikuta hawana kitu, na wengine wakashika tena koleo. Nayataja haya ili msomaji wa mbali aelewe kwa nini baba wa Salamabila, akiambiwa mwanawe anakwenda mjini kwa kazi ya miezi mitatu isiyo na mshahara, hucheka kwanza. Shimo hulipa leo. Hulipa kidogo, pengine huzika watu. Lakini hulipa leo.

Hata hivyo vijana watatu walikusudia kuandika, wavulana wawili na msichana mmoja. Wakaja kwangu jioni na karatasi zao.

Wote watatu walikuwa wamenakili barua moja, ile inayozunguka toka kwa kaka hata kwa mdogo wake, iliyoandikwa kwa Kifaransa cha heshima kuu, ya kuwa mwandishi ana heshima ya kuja mbele ya mamlaka kuu ya Bwana Mkurugenzi, na kuendelea hivyo hata mwisho wa ukurasa bila kusema jambo lolote. Katika barua ya msichana jina la mwandishi wa zamani lilikuwa limesalia chini, mahali pa sahihi. Tulicheka sana, naye akacheka kuliko sisi. Kisha nikawaomba waziweke kando karatasi zile, na kila mmoja anieleze kwa Kiswahili, kama amwelezavyo shangazi yake, kazi anayoijua kuifanya.

Nilichagua Kiswahili kwa makusudi. Sisi watu wa Kasongo na Kabambare tunayo lugha hii tangu zamani za misafara ya Wangwana. Ndiyo tunayopatania bei, ndiyo tunayogombania, na wengi wetu ndiyo tunayoungamia. Kifaransa kwetu ni lugha ya ubao wa darasani. Mtoto akiulizwa kwanza kwa Kifaransa huleta sentensi za ubao: yeye ni mtu mwenye bidii, mwenye nidhamu, apendaye kazi. Hiyo si habari. Akiulizwa kwa Kiswahili husema, kama alivyoniambia yule msichana, "Mama alipolazwa hospitali nilishika meza yake ya biashara sokoni majuma sita, wala fedha haikupungua." Hiyo ndiyo habari, nayo yaweza sasa kutiwa katika Kifaransa. Walimu wenzangu watanikumbusha ya kuwa waulizaji wa ofisini hawaulizi kwa Kiswahili. Najua. Ndiyo sababu siku mbili zilizofuata tulikaa Kifaransa kitupu, mimi nikijifanya mwulizaji mkali mwenye miwani. Lakini mtu asiyejua atakalosema kwa lugha ya nyumbani hataliokota njiani katika lugha ya wageni.

Kijana wa kwanza alikuwa na miaka 20, kwani kukimbia vita kulikuwa kumemchelewesha shule. Mahali pa "kazi nilizofanya" alipaacha wazi. Nami nilijua, kama mtaa mzima ujuavyo, ya kuwa likizo mbili alizipitisha machimboni. Hakuwa mchimbaji. Alishika daftari la mwenye shimo, mtu ambaye vijana humwita PDG kana kwamba ana jumba la ofisi Kinshasa. Kila mfuko wa mawe uliotoka chini aliuandika: umetolewa na kundi gani, sehemu ya mwenye shimo ni ipi, sehemu ya wachimbaji ni ipi, na kila mtu anadaiwa nini kwa chakula na kwa taa. Jioni walimzunguka watu wenye hasira, wengine wamekunywa, naye akawasomea hesabu. Nao wakaikubali, wakaenda zao.

"Kwa nini hukuyaandika hayo?" nikamwuliza.

"Mwalimu, ni kazi ya aibu. Watasema mimi ni mtu wa machimbo." Akanyamaza kidogo. "Baba amesema afadhali unipatie cheti ya kuwa nilifanya staji hapa shuleni, katika ofisi ya mhasibu."

Kesho yake baba mwenyewe akaja. Ni Mkristu mwema, hakosi Misa, na watoto wake wote amewasomesha kwa jasho. Akaketi, akaniuliza hali ya nyumbani, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni mzazi kama mimi. Hii ni karatasi tu. Muhuri mnao. Nani atatoka mjini kuja kuchungulia daftari zenu? Na watoto wa mjini wote wanazo karatasi za namna hiyo."

Neno lake la mwisho si uongo. Vyeti vya namna hiyo vinazunguka kama zile barua za kunakili. Nikamjibu, "Baba, karatasi itaingia mlangoni, lakini mezani ataketi kijana peke yake. Wakimwuliza mhasibu wetu hufunga hesabu zake siku gani ya mwezi, nani atamjibia?"

Akafikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake, wala sinalo hata leo: "Na wakimkataa kwa sababu ya ukweli wako, wewe utamlisha?"

Nikamwambia tu ya kuwa muhuri wa shule si mali yangu, na ya kuwa nitakaa na mwanawe hata usiku tuiandike ile kazi ya machimbo kwa maneno yafaayo. Akaondoka bila kukasirika, lakini hakuaga kama alivyosalimu.

Nilipokuwa seminarini tulisimuliwa habari za Kardinali Joseph Cardijn, Mbelgiji aliyeanzisha JOC, chama cha vijana Wakristu wafanya kazi, mwaka 1925. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa kazi za mikono. Yeye aliingia seminari, wenzake wa shule wakaingia viwandani, na aliporudi likizo aliwakuta wamekuwa wagumu, wakimtazama kama mtu wa upande mwingine. Niliposikia habari hiyo nilidhani ni mambo ya Ulaya na ya viwanda vyake. Kumbe mtoto wa Salamabila anaishi pande zote mbili ndani ya mwaka mmoja: mwezi wa sita yumo darasani na kalamu, mwezi wa saba yumo shimoni, na mwezi wa tisa anarudi darasani akiwa amejifunza kuuficha ule wa saba. Tangu mwaka 1955, Papa Pio wa XII alipoiweka, tunaadhimisha kila tarehe 1 Mei sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanya Kazi. Tunaimba vizuri sana siku hiyo. Halafu tunawafundisha watoto ya kuwa mikono yenye tope haifai kuandikwa katika barua.

Mtu asifikiri kwamba nayasifu machimbo. Sheria ya nchi yakataza kuwatumia watoto migodini, na yule wa miaka 13 aketiye akitwanga mawe kando ya wanawake mahali pake ni dawatini. Nasema juu ya kijana mtu mzima ambaye amefanya kazi kweli, akaifanya kwa uaminifu, na ambaye watu wanaompenda wanataka aseme hakuifanya.

Basi tuliandika. Ilikuwa mistari mitano tu ya Kifaransa chepesi: miaka, mahali, idadi ya makundi, namna ya kuhesabu, namna ya kugawanya. Hakuweka neno "machimbo" mahali pa kujificha. Aliliweka katika mstari wa kwanza.

Juu ya karatasi nyingine sitakawia. Diploma ya Serikali huchelewa kutufikia, hata miaka mingi, kwa hiyo kijana hutumia cheti cha kufaulu na ripoti ya maksi. Kitambulisho ni kadi ya uchaguzi. Huhitajiwa pia cheti cha mwenendo mwema na cha daktari, na kila muhuri una bei yake. Tena barua ipigwe chapa kwa mtu mwenye mashine, pale penye umeme wa jua, na ikiwa mawingu yamefunika mbingu siku mbili, mngoje. Neno moja tu nalisisitiza: barua ikipelekwa ofisini iwe na nakala ya pili, na mpokeaji aitie sahihi na tarehe. Mwenye nakala hiyo hawezi kuambiwa baadaye, "Barua yako hatukuiona."

Wakaitwa wote watatu. Walikwenda kwa pikipiki, mikoba mgongoni na nguo safi ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu ya vumbi.

Mezani walikuwa waulizaji watatu. Kijana wa pili, ambaye nimemsema kidogo kwa kuwa sina mengi ya kumsema, alikuwa na viatu vya kuazima vilivyombana, na alijibu kila swali kabla halijamalizika kuulizwa. Mwenyewe alinisimulia hivyo akicheka. Hakupokewa, na sasa ana pikipiki ya kubeba abiria, nayo yamwendea vema.

Yule wa daftari aliulizwa mambo ya ghala. Mmoja wa waulizaji aliposoma neno "machimbo" alitabasamu kwa namna isiyopendeza. Mwingine akasema, "Ukihesabu magunia, hesabu isipatane na kitabu, utafanyaje?" Kijana hakusema atakavyofanya, alisema alivyofanya. Siku moja mifuko miwili haikuonekana, na makundi yakaanza kushikana mashati. Alikataa kugawa hata mfuko mmoja, akamwita mzee wa kila kundi, akawapa vijiwe, na kila mfuko uliopita mbele yao wakaweka kijiwe chini mbele ya watu wote. Ile mifuko miwili ilikuwa imehesabiwa mara mbili katika kundi la asubuhi. Waulizaji, asema, waliacha kuandika wakamsikiliza. Alipokewa.

Nisije nikawadanganya wazazi kwa kuishia hapo. Alifanya miezi yake mitatu, akapewa cheti kizuri, cha kweli, lakini kazi ya kudumu haikuwako. Fedha za shughuli ile zilikuwa zimekwisha. Akarudi nyumbani, na katika likizo iliyofuata akashika tena daftari lake shimoni, akiweka akiba ya kwenda kusoma Kindu. Baba yake alinikuta njiani akasema, "Umeona, Mwalimu?" Nikasema, "Nimeona, Baba." Tukaenda pamoja hata njia panda, tukizungumza juu ya mihogo.

Sasa habari ya msichana, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Ndiye aliyekuwa bora kuliko wavulana wote wawili. Alisema juu ya meza ya sokoni ya mama yake, akataja faida ya majuma sita kwa tarakimu, na akaulizwa maswali mengi, dalili ya kuwa waulizaji wamevutwa. Akaambiwa majina yatabandikwa baada ya siku mbili. Jioni ile ile simu yake ikalia. Alikuwa mmoja wa waliokaa mezani: aje, asema, wazungumze juu ya barua yake, wala mahali penyewe hapakuwa ofisini, wala saa haikuwa ya kazi.

Alikuwa amefikia kwa shangazi yake. Akamwambia yote. Shangazi akafunga mlango, akasema, "Huendi popote, mwanangu. Tusali, tulale." Jina lake halikuwako katika orodha. Siwezi kuthibitisha ya kuwa jambo la kwanza lilizaa la pili, wala simhukumu mtu nisiyemwona moyo. Lakini msichana mwenyewe hana shaka, na wasichana wengine niliowauliza tangu siku hiyo hawakushangaa hata mmoja. Waliona nimechelewa kujua.

Lililoniuma zaidi lilitoka nyumbani. Mjomba wake, aliyechangia nauli, alisema mbele ya watu, "Ingekuwa vibaya gani kwenda kusikiliza tu?" Nawaomba wazazi wa gazeti hili walisome neno hilo mara mbili. Binti alikuwa ameishinda hatari peke yake, mbali na kwao, usiku. Na aliporudi alikuta nyumbani nako kuna meza ya waulizaji, ngumu kuliko ile ya mjini. Yule baba wa cheti na mjomba huyu wanafanana, ingawa maovu yenyewe hayalingani: wote wawili wanampenda mtoto, na wote wawili wamekwisha kukubali moyoni kwamba mlango hauna ufunguo mwingine.

Nilikwenda kwao Jumapili baada ya Misa, pamoja na mama mmoja mzee wa parokia, maana si vema mwalimu mwanamume azungumze peke yake mambo hayo. Tuliwaeleza sheria ilivyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya makosa ya kujamiiana imeweka wazi ya kuwa mtu atumiaye mamlaka ya kazi yake kumbana mwingine ili apate kwake mambo ya namna hiyo ametenda jinai, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja hata miaka 12. Mjomba hakuwa amepata kusikia hayo. Aliuliza, "Hata kama hakumgusa?" Tukamwambia, hata kama hakumgusa. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akamwita binti kwa jina lake la ubatizo na kumwomba samahani, jambo ambalo kwa mtu wa umri wake si dogo.

Tukamwuliza binti kama ataka kumwandikia mkuu wa ofisi ile. Alifikiri siku mbili, akakubali. Barua hiyo haikuwa ya kunakili. Tulipeleka nakala kwa Kamisioni ya Haki na Amani, na mpokeaji wa ofisini akatia sahihi. Jibu halikuja.

Tangu hapo kina mama wa parokia wamejiwekea desturi yao wenyewe, bila kungoja padri wala mwalimu. Msichana akiitwa kwa maulizo, haendi peke yake. Mama mmoja humsindikiza, hata kama si mzazi wake, na nauli yake huchangwa kikundini. Simu ya ofisi ikija baada ya saa za kazi hupokewa na yule mama. Wanaume wengine walinung'unika juu ya gharama. Kina mama wakawajibu kwa kuwahesabia bei ya bia za mwezi mmoja, na manung'uniko yakaisha.

Mwaka uliofuata yule msichana aliandika tena, mahali pengine, kwa maneno yake mwenyewe. Mama yake, aliyekuwa amekwisha pona, alifuatana naye. Alfajiri aliketi kwenye ubao uliokuwa mbele ya mlango, akafungua beseni lake la karanga, akaanza kuuza, kwa maana hakuona sababu ya kupoteza siku. Mlinzi alimwuliza anamngoja nani. "Namngoja mwanangu, anaulizwa humo ndani," akasema, akampimia mlinzi kikombe cha karanga. Yule binti alitoka saa sita. Juma lililofuata alipigiwa simu, saa tatu ya asubuhi, na sauti ya mwanamke, akaambiwa aanze Jumatatu.